Asubuhi ni nyepesi, jioni ndiyo nzito

Swali la wiki hii linauliza kama mtu mwenye kazi zake za kila siku anaweza kupata muda wa kulitazama jua likichomoza na likizama. Jibu langu kutoka Tanga ni kwamba asubuhi tunaweza wote, ila jioni haitawezekana mpaka kwanza kazi za nyumbani zigawanywe upya.

Asubuhi tunasaidiwa na mahali tulipo. Bahari iko mashariki mwetu, na kwa kuwa hatuko mbali na ikweta, wakati wa jua kuchomoza haupishani hata kwa saa nzima mwaka mzima, tofauti na London, ambako mwezi Juni jua hutoka kabla ya saa 11 alfajiri na mwezi Desemba hungoja hadi saa 2 asubuhi ipite. Aliyezoea kuamkia sala ya Alfajiri anachotakiwa ni kutorudi kitandani tu, bali atoke hadi Raskazone au popote panapoonekana maji. Atakayedumu na desturi hiyo ataona jambo linalonifurahisha kila mwaka: mwezi Juni, wakati wa kusi, jua huchomozea upande wa kuelekea Mombasa, na ifikapo Desemba, wakati wa kaskazi, huwa limekwishahamia upande wa Pangani. (Likishapanda na kuwa kali lisikodolewe macho, maana huweza kuliunguza jicho bila mtu kuhisi maumivu.)

Jioni ni habari nyingine. Jua huzama bara, upande wa milima ya Usambara, na mjini huzibwa na mapaa, lakini kizuizi kikubwa kuliko mapaa ni jiko. Saa hiyo baba yuko barazani au njiani kwenda kuswali Magharibi, watoto wako uwanjani, na mama ameliinamia jiko la mkaa. Mwanga nao hausubiri, kwa sababu huku kwetu jua hushuka karibu wima na giza huingia upesi. Sioni haki mwanamke kuhimizwa atenge muda wa machweo ilhali muda huo umekwishachukuliwa na watu wanaosubiri kula, nao ndio wenye nafasi ya kumpunguzia kazi.

Nyumbani kwangu tulilizungumza jambo hili waziwazi tukakubaliana. Nazi hukunwa mara baada ya Alasiri, mchuzi huwa umeiva kabla ya saa 12 jioni, na vijana, wa kiume kwa wa kike, hupokezana zamu ya kupika wali. Mimi hukaa uani, upande ulio wazi kuelekea magharibi. Hata wakati wa masika, mawingu yanapofunika anga lote, hukaa papo hapo, kwa kuwa nikiiacha nafasi hiyo kwa wiki moja tu, kazi nyingine huja kuijaza.