Mvinyo Mweupe wa Hispania: Tazama Sahani Kwanza, Kisha Uchague Zabibu

Wageni ninaowahudumia mezani huniuliza mara kwa mara kama mvinyo mweupe wa Hispania unafaa samaki, nami huwauliza samaki huyo amepikwaje, kwa kuwa mafuta, chumvi na mchuzi huamua zabibu ya kuchagua kuliko jina la samaki mwenyewe.

Kwa vyakula vya baharini visivyo na mchuzi mzito, zabibu ya Albariño haina mpinzani. Hustawi Rías Baixas, katika pwani ya Galicia, ambako mvua za Atlantiki ni nyingi na wakulima hutambaza mizabibu juu ya vichanja vyenye nguzo za mawe ya itale, ili hewa ipite chini na ukungu usishike. Uchachu wake hufanya kazi ya ndimu, hivyo hupatana na chaza wabichi, kaa, na kome waliopikwa kwa mvuke. Pweza wa Kigalicia, anayechemshwa na kunyunyiziwa mafuta ya zeituni, chumvi ya mawe na paprika, huliwa nayo pia, ingawa kwa sahani hiyo mimi huipendelea Godello. Zabibu hii ya Valdeorras, iliyokuwa karibu kutoweka kabla ya kufufuliwa katika miaka ya 1970, hutoa mvinyo mzito zaidi kinywani, hasa ukikaa muda juu ya mashapo ya hamira, nao humudu siagi, kuku wa kuoka na hata uyoga.

Verdejo ya Rueda ina harufu ya majani mabichi na shamari, na uchungu kidogo mwishoni unaoifanya istahimili asparaga, mboga inayoharibu ladha ya mvinyo mwingi. Jibini la mbuzi nalo huifaa. Viura ya Rioja ikiwa changa hainivutii sana. Iliyozeeshwa katika mapipa ya mwaloni ndiyo ninayoitafuta, hasa kwa bacalao, yaani samaki wa chumvi, aliyepikwa kwa mafuta mengi ya zeituni.

Inayodharauliwa bure ni Palomino. Yenyewe ni zabibu isiyo na ladha kali wala uchachu mwingi, lakini katika udongo wa chaki wa Jerez na Sanlúcar de Barrameda hugeuzwa kuwa fino na manzanilla: mvinyo huongezewa pombe kali hadi kufikia takriban asilimia 15, kisha huachwa katika mapipa chini ya utando wa hamira, unaouzuia usiguswe na hewa na kuupa ladha kavu ya lozi na mkate. Mgeni anayeudhani kuwa mtamu hushtuka kwa kinywa cha kwanza. Mwambie aunywe pamoja na zeituni, lozi za chumvi, samaki wadogo wa kukaanga au hata waliolowekwa katika siki, ambao huushinda mvinyo mwingine wowote niliowahi kuujaribu nao. Chupa ikishafunguliwa, iwekwe kwenye jokofu na imalizwe ndani ya siku chache.

Fino na Albariño zipoe vizuri, kati ya nyuzi 7 na 10 za Selsiasi, lakini Godello na Viura ya mwaloni zitolewe kwenye jokofu mapema kidogo, zifikie nyuzi 12 hivi, kwani baridi kali huificha harufu yote uliyoilipia.