Sukari ya kingamwili siyo ile ya kisukari

Hapana mkuu, umeuliza kama sukari iliyo kwenye kingamwili (protini za mwili zinazopambana na vijidudu) ndiyo ile ya kisukari: ni vitu viwili. Glukosi ya damu hujinasa yenyewe kwenye protini, na ndiyo tunayoipima kwenye HbA1c (kipimo cha damu cha kisukari). Sukari ya kingamwili hujengwa na seli kwa vimeng'enya (protini zinazoendesha kazi za kikemia), kwa mpangilio. Kwenye IgG, aina mojawapo ya kingamwili, kila mnyororo mzito (mnyororo mrefu wa protini unaoiunda) una tawi moja la sukari, yaani sukari kadhaa zilizoungana, pale kwenye asparajini (asidi amino) namba 297. Uking'oa tawi hilo, kingamwili inashindwa kushikana vizuri na seli za ulinzi.

Kuhusu kutambua tawi lina sukari zipi: unakata matawi kwa kimeng'enya PNGase F, kisha spektrometa ya masi (mashine ya kupima uzito wa molekuli) inayapima uzito. Tawi likikosa fukosi (aina ya sukari) limepungua daltoni 146 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), likikosa galaktosi moja (sukari nyingine) limepungua 162. Unahesabu tofauti tu.

Ila mizani ni mizani. Galaktosi na manosi, sukari nyingine ya tawi hilo, zote ni 162, sawa na pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba: mizani itakwambia kilo mbili, haitakwambia ni sato au sangara. Kutofautisha, unaongeza kimeng'enya kinachokata galaktosi pekee, halafu unapima upya uone kama uzito umeshuka.

Mimi niko maabara hapa Mwanza. Mashine hiyo kazini kwetu hatuna (tungeipata wapi!), haya ni ya darasani. Na nimesema IgG tu. IgM, aina nyingine ya kingamwili, ina sehemu tano za namna hiyo kwa kila mnyororo mzito, hapo hesabu inakuwa ndefu.