Fundi Anajibu: Kiyoyozi kwenye gari la zamani

SWALI: Shikamoo fundi. Nina gari la mwaka 1986 nililoachiwa na marehemu baba, injini ya kabureta ya lita 1.6. Halikutoka kiwandani na AC. Nimepata kompresa na kondensa kutoka kwenye gari lililokatwa spea, na spana nazijua kiasi. Jirani mmoja ananiambia nisithubutu, injini ndogo itakufa. Mwingine anasema ugumu upo kwenye kujaza gesi tu, mengine yote ni bolti na nati. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba. Wote wawili wamekosea, ila huyo wa pili amekosea zaidi. Kujaza gesi ni kazi ya mwisho na ndiyo fupi kuliko zote. Kinachowashinda wengi ni mahali pa kukalisha kompresa, yaani pampu inayokandamiza gesi, na namna ya kulitoa joto nje.

Kompresa uliyonayo, kwanza izungushe kwa mkono. Ikikwaruza, achana nayo. Kisha mwaga oili yake kwenye chombo cheupe. Oili ikiwa nyeusi au ina chembe zinazometa, kompresa hiyo imejisaga ndani, na kondensa iliyokuwa nayo (ile kama rejeta inayopoza gesi) imeshameza unga huo huo. Kondensa za kisasa zina vijia vyembamba mno ambavyo havisafishiki ukaridhika, kwa hiyo nunua mpya. Na kama matundu yalikaa wazi stoo bila vifuniko, hesabu kwamba unyevu umeingia.

Sasa breketi, yaani kishikio cha chuma cha kukalishia kompresa. Kabla hujachomelea chochote, ulizia kama injini yako iliwahi kuuzwa na kiyoyozi. Miaka ile kilikuwa nyongeza ya kulipia, kwa hiyo magari mengi yaliyotoka bila kiyoyozi yana ndugu zao waliotoka nacho, na breketi ya kiwandani itakupunguzia kazi kubwa. Ukikosa, tengeneza kwa chuma kinene kinachoshika kwenye bloku yenyewe. Bati jembamba litapasuka, maana kompresa hushtuka kila klachi yake, ile inayoiunganisha na puli, inaposhika. Puli yake na puli ya krenki zikae mstari mmoja. Laza rula ndefu iliyonyooka juu yake uhakikishe. Mkanda uliopinda hupiga kelele, halafu huliwa ubavu, halafu huruka, mara nyingi usiku.

Kondensa inakaa mbele ya rejeta, na hapo ndipo gari la zamani linapoumia. Ni sawa na kuivisha rejeta koti mchana wa jua kali: hewa inayoifikia imeshapashwa moto. Kwa hiyo rejeta isafishwe kabla, siyo baada ya injini kuchemka. Ziba mianya ya pembeni ili hewa ipite kwenye kondensa badala ya kuizunguka, na ongeza feni ya umeme, kwa sababu feni ya mkanda haina nguvu gari likisimama. Nimeona watu wakifunga kondensa chini ya gari ili kukwepa usumbufu huu. Itapigwa mawe, na joto la lami litaisubiri hapo.

Mimi asili yangu ni fundi umeme, kwa hiyo univumilie hapa. Klachi ya kompresa hula kama ampea 4 hivi, kidogo tu. Walaji wakubwa ni feni ya ndani na feni ya kondensa. Kila moja iwe na rilei yake (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) na fyuzi yake, usipitishe mkondo wote kwenye swichi ya dashibodi. Angalia pia alteneta: za enzi hizo zilikuwa ndogo, na ukiwasha taa, waipa na kiyoyozi kwa pamoja, betri ndiyo italipa. Swichi ya presha usiiruke hata kama fundi fulani atakuambia haina maana. Gesi ikipungua, oili hairudi kwenye kompresa na inajiua. Presha ikizidi, kitu kitapasuka. Swichi hiyo hukata klachi kabla ya hayo yote.

Oringi (pete za mpira za kuzibia maungio) na draya (chupa ya kukausha unyevu wa gesi) nunua mpya. Vifuniko vya draya vitoke dakika ya mwisho kabisa, kwa sababu dawa iliyo ndani hunyonya unyevu wa hewa na ikishashiba haina kazi. Mipira ya kupitishia gesi iwe ya R-134a, gesi iliyochukua nafasi ya R-12 ya zamani. Ile ya zamani huvujisha gesi hii taratibu. Wala usichanganye oili: mifumo ya R-12 ilitumia oili ya madini, na R-134a haiwezi kuizungusha vizuri. Soma kompresa yako inataka ipi, mara nyingi ni PAG, oili ya sintetiki.

Ukifika hapo, mpelekee mwenye pampu ya kuvuta hewa, geji na mizani. Pampu ifanye kazi dakika 30 hadi 45, maana kwenye presha ya chini sana maji huchemka bila moto na kutoka kama mvuke. Kisha ifungwe, na sindano ya geji itazamwe. Ikipanda, kuna uvujaji, na kujaza gesi hapo ni kuitupa. R-134a huchemka kwenye nyuzi -26 za Selsiasi, ikikupata jichoni ni balaa. Gesi ya kupikia ndiyo usiiguse kabisa: ikivuja ndani ya gari unakaa na bomu.

Kuhusu jirani wa kwanza: kompresa hula nguvu za farasi chache, na kwenye lita 1.6 utazihisi mlimani. Haitaua injini yenye rejeta safi. Funga tu kwenye kabureta kifaa kidogo cha kuongeza mzunguko wa injini klachi inaposhika, la sivyo injini itazima kwenye foleni.

SWALI: Fundi, AC yangu inapoa barabarani lakini gari likisimama inapuliza vuguvugu. Gesi imepungua?

JIBU: Anza na feni ya kondensa. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama uone kama inazunguka. Isipozunguka, kagua fyuzi, rilei na soketi yake kabla ya kumruhusu mtu yeyote aguse gesi.