Kulipwa kwa kuchoma gesi ya dampo

Je, halmashauri inaweza kulipwa hata ikiichoma tu gesi ya dampo (inayotoka kwenye taka zinazooza) bila kufua umeme? Ndiyo, kwa kuuza hati za kaboni, yaani uthibitisho wa kiasi cha gesi joto ilichozuia kisiingie hewani. Karibu nusu ya gesi hiyo ni methani, na tani 1 ya methani hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko tani 1 ya kaboni dioksaidi, kwa kipimo cha miaka 100; ikichomwa, methani hugeuka kaboni dioksaidi, na hapo ndipo nafuu inapopatikana. Ila kama sheria tayari inailazimisha halmashauri kuichoma, hapo hakuna hati za kuuza. Pia malipo hufuata gesi iliyopita kwenye mita, si makadirio ya mshauri (ambayo huwa manono ajabu). Yale mabomba ya kukusanyia gesi, yenye matundu na yaliyofukiwa kwenye taka, yakijaa maji machafu, gesi haipandi na mapato yanakatika.