Kabla hujaandika kwamba dawa imeshindwa

Wadogo zangu mnaoingia kwenye utafiti wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo, acha nianze na kopo.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limefunikwa kitambaa, juu ya kabati katika nyumba moja ya Kadutu, hapa Bukavu. Nilikuwa nimeshuka huko na muuguzi kumtafuta kijana ambaye kwenye fishi yangu, kadi ya mgonjwa, nilimwandika, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba hasikii haloperidoli, yaani dawa hiyo ya skizofrenia haimsaidii. Miezi minane ya matibabu na sauti hazijanyamaza, usiku halali, mchana anabishana na ukuta. Nilimtaka kwenye utafiti wangu wa wagonjwa wasiosikia dawa. Mama yake alitukaribisha, akatuma mtoto alete Fanta, akakaa kimya kidogo, kisha akashusha lile kopo. Ndani kulikuwa na vifurushi vya karatasi vyenye tarehe nilizoandika mimi. Vidonge vyote vilikuwamo, isipokuwa vya siku tatu za kwanza.

Siku ya tatu shingo ya kijana ilipinda, macho yakageuka juu. Jirani akasema hiyo ni karuho, kuna mtu amemtilia sumu kwenye dawa. Mama akaacha kumpa, lakini kila mwezi alikuja kuchukua nyingine. "Docta, niliona haya. Unatuhangaikia, dawa ni ya bure, nitakuambiaje kwamba mtoto hamezi?"

Kupinda shingo namna ile hutokea mara nyingi kwa vijana wa kiume katika siku za mwanzo za haloperidoli. Mama anatakiwa aambiwe siku ile ile ya kwanza, na aondoke na Artane, dawa ya kulegeza misuli iliyokaza hivyo, mkobani. Mimi sikumwambia. Kosa langu likaingia kwenye fishi kwa jina la mgonjwa.

Tangu siku hiyo, mwanafunzi akiniletea mtu aliyeandikwa "hasikii dawa", namuuliza: dawa ipi, dozi gani, wiki ngapi, na nani aliyeiona ikimezwa. Swali la mwisho huwanyamazisha wengi. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa nchi mbalimbali lilikubaliana juu ya kipimo: mgonjwa awe amejaribu walau dawa mbili, kila moja kwa wiki 6 au zaidi, kwa dozi inayolingana na miligramu 600 kwa siku za klopromazini, dawa ya zamani ambayo dozi za nyingine hulinganishwa nayo, na awe amemeza angalau asilimia 80 ya alichoandikiwa. Jaribuni kupitisha mafaili yenu kwenye chujio hilo. Mimi nilipopitisha ya kwangu, yaliyobaki yalinitosha mkononi.

Mnajifunza darasani utafiti wa John Kane wa Marekani, uliotoka 1988. Wote hukariri matokeo: katika wiki 6, asilimia 30 ya waliopewa klozapini, dawa ya wale ambao nyingine zimewashinda, walipata nafuu, dhidi ya asilimia 4 ya waliopewa klopromazini. Sawa, lakini mimi hunipendeza zaidi kilichotangulia. Wagonjwa wale tayari walikuwa wamejaribu dawa tatu bila nafuu. Kane hakutosheka na maandishi ya madaktari wenzake. Aliwapa haloperidoli upya, hadi wiki 6, chini ya macho ya watafiti, na walioonyesha nafuu akawaacha nje. Ndipo wakabaki 268 wa kugawanywa. Kumbukeni klozapini ilikuwa imeondolewa katika nchi kadhaa baada ya wagonjwa kufa Finland mwaka 1975, chembe nyeupe za damu zikiwa zimeporomoka. Kuirudisha dawa ya namna hiyo kulihitaji uthibitisho mzito kwamba wanaopewa hawana njia nyingine, na sidhani wangekubaliwa kama wangeokota majina kwenye mafaili kama nilivyofanya mimi.

Klozapini yenyewe, kwa sisi wa huku, ni hesabu ya nauli. Uingereza, kwa ajili ya chembe hizo, damu imekuwa ikipimwa kila wiki kwa wiki 18 za kwanza, halafu kila baada ya wiki mbili hadi mwaka utimie, kisha kila mwezi. Mgonjwa akitoka kisiwani Idjwi, hiyo ni mitumbwi mingapi? Nani analipa, na maabara ikikosa umeme siku hiyo? Kama hujajibu, usianze. Nasema hivi hata kwa mwenye hamu ya kuchapisha.

Sasa vipimo. Mtatumia PANSS, orodha ya kupima ukali wa dalili za skizofrenia, kama karibu watu wote tangu 1987: vipengele 30, kila kimoja alama 1 (hana dalili) hadi 7 (dalili kali kabisa). Mtu mzima wa afya anapata 30, hapati sifuri. Kwa hiyo mgonjwa akishuka kutoka 90 hadi 60, nafuu yake si asilimia 33. Toa kwanza zile 30 za bure, utaona ameshuka kutoka 60 hadi 30, yaani nusu nzima. Nimesoma kazi za watu wakubwa wenye kosa hilo, nami nilishalifanya kwenye kazi yangu ya kwanza.

Kigumu zaidi ni kuuliza. Kuna kipengele cha kupima kama mgonjwa anaweza kufikiri kwa mafumbo, na huwa tunampa methali aeleze. Nilichukua methali kwenye kitabu cha shule. Nikamuuliza mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani: "Haba na haba hujaza kibaba, maana yake nini?" Akanitazama. "Kibaba ni nini, docta? Ni baba mfupi?" Nikamwandikia 5. Muuguzi wetu, mtu wa Kabare, alicheka mpaka akashika meza: hata yeye kibaba hakijui, huku unga hupimwa kwa kopo la maziwa ya Guigoz. Wiki iliyofuata nilimuuliza mama yule yule juu ya kidole kimoja na chawa. Akajibu bila kusita kwamba hata jambo dogo litakushinda ukikosa watu. Alama 1. Hakuwa amepona ndani ya wiki moja. Ni mimi niliyekuwa nimepima Kiswahili cha pwani.

Vivyo hivyo na "unasikia sauti?" Mtu aliyelala siku arobaini kwenye chumba cha maombi atakujibu ndiyo, kwa furaha. Uliza wenzake waliokuwa pale walisikia nini, uliza sauti inamwamuru nini, inamjia akiwa jikoni peke yake au la.

Na hao wa vyumba vya maombi msiwagombeze. Muda ambao mtu amekaa na ugonjwa kabla ya tiba ni namba muhimu sana katika kazi yetu, na familia nyingi haziikumbuki. Pasta mara nyingi ana daftari lenye tarehe walipomleta. Asipokuwa nalo, pima kwa matukio: alikuwa mzima wakati wa vita vya Mutebutsi hapa mjini, 2004? Wakati wa tetemeko la Februari 2008? Mwaka Docta Mukwege alipopewa Nobel, 2018, alikuwa bado anakwenda shule? Kwa maswali kumi ya hivyo unapata mwaka, wakati mwingine hata mwezi.

Baadaye mgonjwa atapotea. CATIE, utafiti wa Marekani wa dawa za skizofrenia uliotangazwa 2005, ulikuwa na watu 1,493, na asilimia 74 waliacha dawa waliyopangiwa kabla ya miezi 18 kuisha. Huko kuna anwani za nyumba. Hapa unaambiwa "nyuma ya soko, shuka ngazi, uliza kwa Mama Furaha", na ukifika Mama Furaha wako ni watano. Laini ya simu inabadilishwa kila vita vikisogea. Siku ya kwanza chukua namba tatu: ya ndugu anayemlinda, ya jirani, na ya mwenye kibanda cha kutuma pesa, kwa sababu huyo hahami ovyo.

Msiwafute wasiorudi kwenye jedwali ili asilimia zipendeze. Baadhi wameacha kwa sababu wamepona, wengine shingo zilipinda, wengine wamekufa, na huwezi kujua yupi ni yupi ukiwa umekaa ofisini. Yule kijana wa Kadutu tulimwanzishia sindano ya kila mwezi ya flufenazini, dawa nyingine ya skizofrenia, pamoja na Artane. Mwezi wa nne alikuja kliniki peke yake, akalalamika kwamba foleni ni ndefu. Kama nisingeshuka zile ngazi, angebaki kwenye jedwali langu miongoni mwa wasiosikia dawa.

Kwa hiyo mkiandika bajeti, nauli ya pikipiki itangulie kompyuta. Mfadhili atauliza ya nini. Mwambieni habari za kopo.