Shangazi, tununue inkubeta?

*Shikamoo Shangazi. Mwanangu alizaliwa wiki ya 30 akiwa na gramu 1,300. Tulilazwa siku 41. Sasa ana miezi mitano, anamchekea kila mtu, ingawa jirani ananiambia wa umri wake wanajigeuza na huyu bado. Mimi na mume wangu tunaandaa matembezi ya hisani tarehe 17 Novemba, Siku ya Watoto Njiti Duniani, tukusanye fedha tuinunulie wodi ile inkubeta. Mume wangu ameshatengeneza bango lenye picha ya mtoto akiwa na mipira puani. Mimi picha ile siwezi kuitazama, ila naogopa kumvunja moyo. Nifanyeje? Na je, inkubeta ndiyo zawadi inayofaa?*
*Mama Njiti*

Marahaba mwanangu, na hongera ya ulezi. Mimi nilikaa siku 53, na binti yangu alitoka wodini shingo yake ikiwa nene kama kidole gumba changu. Siku hizi haniazimi viatu kwa sababu vinambana.

Nianze na inkubeta, maana hapo ndipo nilipoumwa na nyoka. Mwaka mmoja baada ya kutoka, mimi na kina mama watatu tuliolala wodi moja tulichangisha fedha tukanunua mashine ya kusaidia kupumua, ile inayosukuma hewa puani. Tuliifunga utepe, tukapiga picha, tukarudi nyumbani vifua mbele. Miezi mitatu baadaye nilipita kuwasalimia. Mashine ilikuwa stoo, imebebeshwa maboksi ya glavu, utepe wetu bado uko shingoni. Vile vimipira vya puani vya saizi ya njiti vilikuwa vimekwisha, na vya aina nyingine haviingiliani nayo. Sisi tulinunua mashine, hatukuuliza inakula nini. Sista inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, hakunigombeza. Alisema tu, "Mngeniuliza kwanza."

Kwa hiyo muulize kwanza. Tena usimwulize "mnahitaji nini?" kwa sababu swali hilo hujibiwa kwa kitu kikubwa, kila wodi duniani ingependa kitu kikubwa. Muulize: "Jana usiku mlikosa nini?" Hapo utasikia mengine kabisa. Waya wa kipimo cha oksijeni, kile chenye taa nyekundu kinachofungwa mguuni, umekatika na watoto wawili wanapokezana uliobaki. Mipira myembamba ya kulishia imekwisha. Taa ya kutibia manjano inawaka nusu.

Au viti. Hili niache nilieleze vizuri, kwa sababu hakuna anayekata utepe wa kiti. Wewe umembeba mwanao kangaroo, unajua. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey alipokuwa na njiti wengi kuliko inkubeta, akawafunga watoto kifuani kwa mama zao. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilielekeza ianze mara tu mtoto anapozaliwa, isipokuwa kwa wachache walio mahututi, na iendelee saa 8 hadi 24 kwa siku. Saa nane! Mimi nilizikaa kwenye benchi lisilo na mgongo, na mshono wa upasuaji ukiwa mbichi. Kila nilipojisogeza kutafuta nafuu, binti yangu alishtuka na mashine ikalia. Nikajifunza kutojisogeza. Kiti cha kuegemea kingemfanya alale kifuani kwangu muda mrefu zaidi, na huo muda ndio dawa yenyewe.

Inchaji akisema inkubeta, basi nunueni inkubeta, lakini aina ambayo fundi wao anaijua, na vipuri vyake vipatikane. Msimalize fedha zote kwenye mashine. Mara ya pili sisi tulitenga theluthi kwa vipuri na matengenezo. Mlipeni muuzaji moja kwa moja, na risiti muwatumie waliochanga kabla hawajauliza.

Sasa picha. Hutaki, basi haitoki. Mtoto naye hawezi kuulizwa, na picha ikishaingia kwenye simu za watu hairudi. Tena angalia nyuma yake, huenda pana kitanda cha mtoto wa mwenzio. Soksi yake ya kwanza juu ya kitambaa cha zambarau, rangi ya siku hiyo, inatosha, na chini yake andikeni kwamba karibu mtoto mmoja kati ya kumi duniani huzaliwa kabla ya wiki 37 kutimia.

Ila kabla hujamwambia mumeo "sitaki", mwulize aliipiga siku gani. Wewe ulikuwa na mtoto kifuani. Yeye alikuwa nje ya kioo, na alichobeba kurudi nacho nyumbani ni simu. Inawezekana ile kwako ni picha ya mipira, kwake ni picha ya mwanawe anapumua. Mwache asimulie, halafu muiweke mnapoijua ninyi wawili.

Jirani mpe hesabu: miezi mitano, toa wiki kumi alizowahi. Amepita kidogo tu miezi miwili na nusu, na wa umri huo hajigeuzi. Kliniki msikose. Siku ya matembezi msimpitishe mkono kwa mkono abusiwe na watu mia, mapafu ya njiti hayataki mafua ya kila mtu.

Kwa inchaji nenda na daftari, na usiende saa ya kubadilishana zamu.