Bosi anasema karatasi zilitupwa

SWALI: Shikamoo mama. Napuliza rangi za magari kwenye gereji hapa Ohio, Marekani, mwaka wa sita sasa. Mwaka juzi walinibana kidude kwenye kola, kupima hewa ninayovuta. Majibu sikuonyeshwa. Siku hizi kifua kinabana usiku, na bosi anasema karatasi zile zilishatupwa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kesho nenda kwa daktari, umwambie waziwazi unapuliza rangi gani. Rangi nyingi za magari huchanganywa na kikaushio chenye isosianeti, nayo huleta pumu. Usingoje Jumamosi.

Sasa hizo karatasi. Hazitupwi! Kanuni ya OSHA, idara ya serikali inayosimamia usalama kazini, inamtaka mwajiri atunze vipimo vya hewa kwa miaka 30. Faili lako la afya, kwa kuwa umepita mwaka mmoja kazini, hutunzwa muda wote wa ajira na miaka 30 juu yake. Nimeuguza wazee walioanza kukohoa wakiwa wamestaafu zamani. Karatasi ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa shahidi wao.

Andika ombi, tia tarehe na sahihi, baki na nakala. Wasipokupa ndani ya siku 15 za kazi, lazima wakueleze sababu na siku utakayopata. Nakala ya kwanza hulipii. Wakikuadhibu kwa kuomba, peleka malalamiko OSHA kabla ya siku 30 kwisha.